Mise Kwenye Giaboksi

Nikisikia harufu ya mise yakipashwa moto nakunja uso. Kwa mtu anayeishi Ujiji hii ni adhabu, kwa sababu hapa kila jiko lina mise, yale mafuta mekundu ya mawese tunayopikia maharage, samaki na mboga zote. Wajukuu zangu wanadhani nina tatizo la tumbo. Tumbo langu ni zima. Tatizo langu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na tatizo hilo ni la zamani kuliko hao wajukuu.

Ugomvi wetu ulikuwa wa gari, pikapu nyeupe iliyoingia kutu milangoni. Lilinunuliwa kwa dagaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaanika mchangani, kuwageuza, kufukuza kunguru na kuwafunga kwenye magunia, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiwapeleka Kasulu. Kadi ya gari iliandikwa jina lake kwa sababu siku ya kuandikwa mimi nilikuwa naanika dagaa. Alikuwa mtu mwema lakini mambo ya karatasi hakuyafikiria. Alinifundisha kuendesha Jumapili asubuhi, barabara ya kwenda Kigoma mjini ikiwa tupu, ili watu wasikusanyike kunicheka.

Alipofariki nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa kwa mama mkwe wangu, sitoki nje ya ua, sijipambi, nasoma na kulala. Eda yenyewe sikuilalamikia, nilikuwa na huzuni ya kunikalisha ndani hata mwaka mzima. Kilichoniuma ni kwamba siku ya tatu baada ya mazishi funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa shemeji. Hakuuliza mtu. Alisema gari lisipotembea linaharibika, na mimi niliyekuwa ndani ya chumba cha eda ningetoka kwenda kumnyang'anya vipi?

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi walikuwa wakivuka kwa miguu na kwa mitumbwi, wakishukia Kagunga na vijiji vingine vya ziwani, kisha wanasombwa kupelekwa kambini huko juu, njia ya Kasulu. Kila chenye magurudumu kilikuwa na kazi. Shemeji alibeba mbao, magodoro, maharage na watu, na gari lilipita mbele ya dirisha langu kutwa mara tatu au nne. Nilikuwa nasikia anavyozisaga gia. Kila aliposaga nilihisi kama ananipiga kofi, na nilikuwa nimeketi tu, nimejifunika khanga.

Mwezi wa pili wa eda, dumu zima la mise la mama mkwe likapotea stoo. Mama mkwe aliuliza nyumba nzima. Shemeji alikuwa anakula, na bila hata kuinua uso akasema, "Muulize mwali wako wa eda. Ndugu zake wanakuja kutoa pole mikono mitupu, wanaondoka na mafurushi."

Mama mkwe akamwamini. Hakunigombeza. Alichofanya ni kuninyima mafuta: tangu siku ile sahani yangu ya maharage ililetwa imechemshwa kwa chumvi tu, na wengine wote wanakula ya mise. Nilikula hivyo mpaka eda ikaisha. Nilimchukia, nasema kweli, na yeye alijua.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa, nikawasalimu wazee watatu wa ukoo waliokuja, nikaomba funguo mbele yao. Shemeji akacheka. Akasema, "Mwanamke ashike usukani apande milima ya Kasulu? Shemeji, tutakuja kukuokota bondeni."

Wazee walinong'onezana muda mrefu. Walijua dagaa walikuwa wa nani, kwa hiyo wakasema gari likae kwangu, niwalishie watoto. Lakini wakaongeza sharti: likifia mikononi mwangu, litarudi kwa shemeji kabla halijawa chuma chakavu. Shemeji alikubali haraka mno. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Kesho yake asubuhi gia ya kwanza ikakataa kuingia. Ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi kuna baridi ya kiangazi na ziwa limetulia. Nilikanyaga klachi mpaka mguu ukatetemeka, nikasukuma ile fimbo ya gia kwa mikono miwili, ikaingia kwa kelele za vyuma. Majirani walikuwa wamesimama wanatazama, mswaki mdomoni. Kufika saa sita mchana gia zikawa zinaingia zenyewe, laini, nikafikiri ni uzembe wangu. Asubuhi iliyofuata zikagoma tena. Wiki ya pili giaboksi ikaanza kuunguruma, na nikiwa na magunia ya dagaa kwenye mlima ikanikwamisha kabisa, ikabidi nirudi Ujiji na gia ya pili peke yake, njia nzima, watoto wa kijiji kwa kijiji wakinikimbilia pembeni na kunipita.

Shemeji alikuwa ananisubiri barazani. Hakuficha meno. Akaniambia ameshawaambia wazee waje Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, waone wenyewe gari lilivyokufa. Halafu kama mtu anayenihurumia akasema, "Ila kosa si lako lote, shemeji. Mimi nilikuwa nalipeleka kwa yule fundi Mrundi pale Buzebazeba. Hawa watu unawajua. Labda alimwaga oili akaiuza."

Kweli nilikuwa nawajua, au nilidhani hivyo. Mjini tulikuwa tumeshazoea: kuku akipotea ni Mrundi, kisima kikikauka ni Mrundi. Nami nilisema hayo hayo sokoni, tena kwa sauti. Kwa hiyo Alhamisi niliendesha mpaka Buzebazeba nikiwa nimeshakasirika tangu nyumbani.

Nilimkuta chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaanza kumtukana kabla hajatoka. Kwa kuwa karibu yake kulikuwa na wateja wageni, madereva wa malori, matusi makubwa niliyatoa kwa Kiha, lugha ya kwetu, nikidhani nayaficha. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Akatoka taratibu, mtu mzima mwembamba, ana uso wa kutopenda watu, akajifuta mikono na akanijibu kwa Kiswahili chake.

"Nimesikia yote, mama. Hata ile ya mama yangu."

Sikuomba radhi. Nikamwambia arudishe oili yangu.

"Mi nilifunga breki tu," akasema. "Buwati ya vitesi sijagusa." Ndivyo walivyoiita giaboksi huko kwao. Kisha akaniuliza, "Vitesi zinakataa saa ngapi?"

Nikaona ananidhihaki. "Gari lina saa?"

"Zinakataa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na mchana?"

"Mchana zinalainika. Unauliza kama daktari, kwani ni malaria hiyo?"

Fundi akachukua spana moja kutoka kwenye kitambaa chake. Alikuwa na spana kumi na kitu, amezifunga kwenye kitenge, na nilikuja kujua baadaye kwamba hicho kitenge ndicho mzigo pekee aliovuka nao ziwa. Akaingia chini ya gari langu. Nami nikainama kumchunga, maana sikumwamini.

Giaboksi ina bolti mbili. Moja iko chini kabisa, ya kumwagia oili, na nyingine iko ubavuni, juu kidogo, ya kujazia. Yeye akaanza kuhangaika na ya ubavuni. Nikamfokea kwamba ananipotezea muda, oili inatokea chini.

"Nikimwaga kwanza, halafu hii ya kujazia igome kufunguka," akasema bila kunitazama, "utarudi nyumbani na nini? Buwati tupu?"

Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Bolti ikalegea. Akaingiza kidole kidogo kwenye tundu, akakitoa, akakitazama juani. Akaja nacho mpaka puani kwangu. Kilikuwa chekundu kinachoelekea njano, kina unga wa kijivu wa chuma.

"Hii si oili, mama. Hii ni mboga."

Mtu wa Ujiji haambiwi mara mbili hiyo ni harufu gani. Ndiyo maana asubuhi gia zilikuwa zinagoma: mise huganda kwenye baridi hata ndani ya chupa, mpaka uyaweke juani, na ndani ya giaboksi yalikuwa yanaganda vile vile mpaka injini iyapashe. Nikaliona lile dumu la mama mkwe. Nikaiona sahani yangu ya maharage ya chumvi. Nilikasirika mpaka nikaketi chini, palepale kwenye vumbi lenye grisi.

Fundi akataka kumwaga. Nikamzuia. Nikamwambia afunge, aache yaliyomo, kesho alasiri aje amwage uani kwetu, wazee wakiwa wanaona.

"Oya," akasema. Hapana. "Mi sina kibali cha kutoka kambini. Niko hapa kimya kimya. Siwezi kusimama mbele ya wazee wa watu."

"Ni nusu saa tu."

"Oya, mama. Mwaga mwenyewe. Nitakuonyesha."

Hapa ningeweza kuandika kwamba nilimbembeleza. Sikumbembeleza. Nilijua kwamba nikimwaga mwenyewe, shemeji atasema nimeyatia mimi asubuhi hiyo. Nilihitaji fundi aseme kwa kinywa chake kwamba hakuwahi kufungua hiyo bolti na kwamba mafuta hayo yamekaa humo miezi. Nikamwambia, "Usipokuja, nitasema ni wewe uliyeyatia. Tuone wataamini nani."

Akaifunga bolti, akaipangusa kwa kitambaa, akasema atakuja.

Ijumaa alipita nyuma, kwenye migomba, ili asionekane barabarani. Wazee walikuwa kwenye benchi, mama mkwe kwenye kigoda chake, shemeji amesimama mikono kiunoni kama mwenye uwanja. Nilikuwa nimeliendesha gari mpaka ufukweni na kurudi ili mafuta yapate moto yashuke vizuri, kama fundi alivyoniagiza. Nikaleta beseni langu la kuoshea vyombo. Fundi akaamkia, "Shikamooni wazee," akaingia chini, akafungua bolti ya ubavuni, kisha ya chini.

Yakashuka mazito, mekundu, yakajaa nusu beseni. Harufu ikatanda ua mzima. Mzee mmoja ambaye macho yake hayakuwa mazuri akauliza nani amemwaga mchuzi.

Shemeji alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Si niliwaambia? Ni huyu mkimbizi! Ameiba oili akatia mise!"

Fundi akatoka chini. Akasema yeye alifunga breki mara moja, mwezi wa tatu, na bolti ya giaboksi alipoifungua jana ilikuwa na tope lililokauka juu yake. Akaonyesha bolti ya chini, ambayo ina sumaku ya kukamata vipande vya chuma. Ilikuwa imeota ndevu za chuma, ndefu. "Hii si kazi ya wiki mbili," akasema. "Hii ni miezi."

Nikafungua mdomo niseme, lakini mama mkwe akaniwahi. Aliinuka, akainama juu ya beseni, akachovya kidole, akanusa. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Dumu langu ulilipeleka wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza dumu langu."

Shemeji akatazama wazee, akatazama ukuta. Kisha akalipuka, na mpaka leo nikiwa na hasira nayarudia maneno yake kwa sauti. "Oili ilikuwa inavuja na dukani hakuna! Malori ya misaada yalikuwa yanamaliza yote! Ningefanya nini, niegeshe gari? Mafuta ni mafuta!"

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyekaribia kucheka, kwa hasira.

"Na mwenzio ukamwita mwizi," mama mkwe akasema, "nami nikamlisha chumvi."

Hakuniomba radhi, na sikutegemea aniombe. Aliketi tu. Wazee wakasema gari ni langu, halina tena masharti, na wakamwambia shemeji asilishike. Nilishinda. Nakumbuka jinsi nilivyojisikia: utamu mwili mzima, kama niliyekunywa uji wa moto. Nilitaka ua wote uendelee kunitazama.

Fundi alikuwa amerudi chini ya gari. Aliirudisha bolti ya chini kwa muda, akamimina dizeli kidogo kusafisha, tukainua magurudumu ya nyuma, nikayazungusha kwa mkono, akaimwaga. Akaipangusa sumaku. Akafunga ya chini, akanipa mpira wa kujazia na oili niliyokuwa nimeipata Mwanga, hapo mjini, akaniambia nijaze mwenyewe. "Ikifika kwenye mdomo wa tundu inaanza kudondoka. Hapo unaacha. Weka kidole." Nikaweka kidole changu kidogo, nikaigusa oili pale ukingoni. Akaitikia kwa kichwa, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee aliyokaribia kunipenda.

Alipokuwa anakunja kitenge chake, yule mzee asiyeona vizuri akamuuliza kwa wema tu, kama mtu anavyouliza mgeni, "Baba, kwani wewe unakaa wapi?"

Fundi akanitazama mimi. "Hapa hapa, mzee."

"Kambini hukai?"

Fundi akafunga fundo la kitenge. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye mlango wa ua, anaondoka bila kuaga mtu. Akasimama. Akageuka, akamtazama fundi kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akatoka. Nami niliona. Nilikuwa nimeshika funguo zangu mkononi, na niliona vizuri kabisa.

Jumatatu asubuhi mgambo walimkuta Buzebazeba chini ya gari, wakamvuta kwa miguu. Mwenye uwanja aliokuwa akitengenezea magari ndiye aliyenisimulia. Walimpakia kwenye lori na wengine waliokamatwa siku hiyo, na kile kitenge chenye spana kikabaki chini, na kufika mchana hakikuwepo. Ofisi walikowakusanya kabla ya kuwarudisha kambini ilikuwa njiani kwangu. Ningeweza kusimama, nikamsemea, nikasema ni fundi wangu, au hata nikampa maji. Nilikuwa na magunia ya dagaa na nilikuwa naogopa kuulizwa nilimtoa wapi. Nilipita pale na gia ya tatu, nayo iliingia bila kelele yoyote.

Ile Ijumaa alikuwa ameisahau spana moja chini ya gari langu, spana ya ile bolti ya ubavuni. Niliiweka kwenye droo ya gari. Wiki ya tano tangu akamatwe nikapata mzigo wa kupeleka soko la kambini, nikamwona kwenye foleni ya chakula, ana kopo na kadi mkononi, amekonda. Nikapunguza mwendo. Aliisikia giaboksi kabla hajaniona. Niliona kichwa kinageuka, anasikiliza ninavyoshuka kutoka ya tatu kwenda ya pili.

Nikasimama, nikamsalimu, nikamnyooshea spana dirishani. Akatoka kwenye foleni, akaipokea bila kuitikia salamu yangu. Akalala chini kwenye vumbi, mbele ya watu wote wale, akaijaribu bolti ya ubavuni, kisha ya chini, kama zimekaza. Akatoka. Akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo kidogo. Kisha akanirudishia spana.

"Ni yako," nikamwambia. "Nimekuletea."

"Ya nini?" akasema. "Huku hakuna gari."

Akarudi kwenye foleni, na nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, akaenda kusimama mwisho.

Shemeji yupo hai, mzee sasa, tunapeana mkono kila Idi na kila mmoja anaufuta wake pembeni. Yeye namchukia kwa raha, hanisumbui. Lile gari nililiendesha miaka kumi na moja na oili yake nilibadilisha mwenyewe kila mara, nikianza na bolti ya ubavuni, kwa spana ya mtu ambaye nilimtisha ili anisaidie, na akanisaidia.